Maji Yasiyo na Chumvi

Lali alinipokea gatini Amu na punda wa kukodi.
Hakuuliza medali.
Aliuliza: ni kweli kule Kobe treni haina dereva?

Kweli. Nilikaa mbele, kiooni,
tukavuka bandari kwa juu,
makreni yameinama kama wanaotafuta pete.
Saa mbili na dakika saba, waliandika;
saa mbili na dakika saba, mlango ukafunguka.
Nikaionea haya boti yetu ya Mokowe
inayoondoka ikijaa,
kisha nikaitetea moyoni:
hii humngoja mama anayekuja mbio na kuku wake.

Na bwawa? Bwawa lina paa, Lali.
Maji yana njia nane, yana taa sakafuni,
hayana mkondo, hayana chumvi,
na mwili wangu, uliobebwa na bahari tangu utotoni,
ukawa gunia la saruji.
Nikatoka wa saba kati ya wanane.
Wa nane alikuwa na homa.

Lali akacheka mpaka punda akageuka.

Leo, maji yakianza kutoka, nimefunga kamba na madumu
mbele ya Wiyoni: njia tatu.
Kipenga ni vidole vyangu.
Mwanarehema, miaka tisa, akazikata njia zote.
"Rudi kwenye njia yako!"
Akainua kichwa, chumvi machoni:
"Njia gani, kocha? Maji yanakwenda huku."

Kadi ya treni bado ina yeni mia tatu na arobaini.
Jioni nimeikwangulia magamba ya changu.