Msindikizaji

Faili lake ni kurasa mbili za taipu.
Manowari Saint-Alcide, jina la mji wa bara
usiojua hata harufu ya chumvi.
Ilishushwa mtoni Quebec, Mei arobaini na moja, rangi mbichi;
chupa ya meya ilipigwa mara tatu ndipo ikavunjika.

Kazi: kusindikiza misafara.
Safari: ishirini na tisa.
Nyambizi zilizozamishwa: kistari kimoja,
kama cha mwanafunzi asiyejua jibu.

Kwetu, amalizaye mbio bila medali
humwita msindikizaji, tukacheka.

Faili halisemi mkate uliota ukungu siku ya sita,
Ovila mpishi akaukwangua, akaukausha, akauita biskuti.
Halisemi usiku wa Februari marasharasha yalipoganda
juu ya mzinga, juu ya kamba, juu ya kengele,
meli ikaanza kulala ubavu,
wakatoka wote, nahodha na kuruti, kwa mashoka,
wakaichonga meli yao kutoka ndani ya barafu.

Zénon Arsenault, miaka kumi na tisa,
alisikiliza chini kwa vipokea sauti.
Mlio ukaenda, ukarudi umegonga kitu.
Nyambizi? Nyambizi. Una hakika? Nina hakika.
Mapipa ya baruti yakamwagwa.
Kulipokucha bahari ilikuwa nyekundu,
nyangumi na mtoto wake, na ndege wamewahi.
Neno hilo hakulisema tena.
Padri alipomwuliza kuhusu Délima,
alijibu: nadhani.

Oktoba iliyofuata zilitoka meli thelathini na nane,
zikafika thelathini na moja.
"Hali mbaya ya hewa," limeandika faili.
Watu kumi na wanne walivutwa kwa wavu, wamelowa mafuta mazito,
mmoja hakuachia kiatu kisicho chake.

Vita vikaisha. Mzinga ukang'olewa,
kampuni ya magogo ikainunua kwa bei ya chuma,
ikaijaza mawe, ikaizamisha mlangoni mwa ghuba
kule Gaspé, ivunje mawimbi.
Kile kistari sasa kingeweza kufutwa:
imezamisha meli moja, yenyewe.

Mgeni husindikizwa hadi njia panda,
mwenyeji akarudi kwake. Hii haikurudi.
Boti za magogo hupita nyuma ya mgongo wake
bila kupunguza mwendo.

Maji yakipwa, Zénon hushuka na mkongojo,
huweka sikio kwenye bamba lenye kutu.
Unasikia nini? Délima huuliza, ameshika koti lake.
Nadhani, husema,
nadhani ni maji.