Mayai ya Tamarak

Kila Alhamisi, theluji ikishaziba vidirisha vya chini,
huja kwa mlango wa nyuma, wakakung'uta viatu,
wakashuka ngazi kumi na tatu wameinamisha vichwa,
maana baba aliijenga dunia yake chini ya boriti,
mita moja ya kweli kwa themanini na saba za kudhania,
na boriti za Duluth hazimwombi mtu radhi.

Nawasha umeme. Gati la madini linaamka,
mnara wa maji, kiwanda cha biskuti,
na yule bibi wa plastiki mwenye kikapu
ambaye mwaka wa thelathini huu yu karibu kuvuka barabara.

Kermit Sundby hutaka saa.
Si ya mkononi. Ile ya ukutani, aliyoichokora baba
hata saa nzima ikawa yapita kwa robo saa.
Hukaa nyuma ya pazia, haoni treni hata moja;
ana karatasi, kalamu mbili, na simu ya waya:
"Namba Sita, ngoja Alder, mpishe wa madini."
Treni ikichelewa dakika mbili
hushika tama kama aliyefiwa.

Toivo Lampinen hana habari na saa.
Yeye mpe behewa lililobanwa katikati ya matano
na njia ya pembeni iliyo fupi kuliko shida yenyewe.
Sukuma, kata, vuta, rudi, unga.
Dakika arobaini anakizunguka kiwanda cha biskuti
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani,
na behewa likishatua mlangoni, pale hasa,
hasemi neno. Hupiga funda la kahawa iliyopoa.

Ardis Moe alifanya kazi reli ya kweli
miaka ishirini na sita; goti moja alilisahau huko.
Hupiga honi kabla ya kila kivuko,
hata asipokuwepo mtu ila bibi wa kikapu.
Akisimama, huhesabu moyoni hadi sitini.
"Utingo lazima atembee hadi nyuma," husema.
Utingo hayupo. Tunamngoja.

Na Pekka, mjukuu wa Toivo, miaka sita,
anataka izunguke tu.
Izunguke, naye ameegemeza shavu mezani,
jicho moja usawa wa reli,
injini imjie kubwa kama nyumba.
Kermit humwita ajali isiyo kwenye ratiba.
Mimi namwachia njia ya nje.

Na wewe? huniuliza.
Mimi? Mimi ni wa vumbi.
Nafuta reli kwa kitambaa na spiriti,
nauunga waya ulioachia,
napanga kadi: kila behewa na yake,
litokako, liendako.

Januari hii kadi moja ilizidi.
Behewa 4417. Mayai. Tamarak. HARAKA.
Mwandiko wa baba, ile saba yenye mkanda kiunoni.
Tulilikuta ndani ya handaki, njia ya tatu,
limevaa vumbi la miezi kumi na minne.

Kermit alitoka nyuma ya pazia
akaisimamisha saa.
Ardis akalipindua, akapuliza magurudumu.
"Yameshaoza," akasema. "Lakini mzigo ni mzigo."

Ikaandikwa amri: treni ya ziada, behewa moja,
njia wazi hadi Tamarak, wote wapishe.
Hata madini yakapisha.
Kidhibiti wakanipa mimi.

Nilikwenda mwendo wa kunyata, honi kila kivuko,
Pekka ubavuni, akinong'ona, "Yasivunjike."
Tamarak ni nyumba nne na duka.
Kulirudisha kinyumenyume nilikosea mara mbili;
Toivo alinionyesha kwa kidole, bila neno.

Kisha nikaigeuza kadi, kama inavyotakiwa.
Upande wa pili, kwa penseli:
*Tupu. Lirudi nyumbani. Si haraka.*

Bado lipo pale, mlangoni pa duka.
Alhamisi ijayo, labda.