Siku ya Nne

Mkoani, saa tisa za usiku.
Mrija ndani ya ateri ya Bi Mize,
mwembamba kuliko chelewa,
unakiandikia kioo: mia na kumi, mia na nne.

Nanawa. Sabuni, kisha spiriti.
Naibandua plasta kwa ncha za vidole.
Wekundu unapanda kifundoni,
hina asiyoipaka mtu.
Joto thelathini na nane, nukta sita.

Nje, kwenye benchi, mwanawe Shaame
amekumbatia kanga ya mama. Haulizi.
Nimwambieje, kwamba mlango
tulioufungua wenyewe
umepitisha mgeni asiyepiga hodi?

Nauchomoa.
Nabana kwa shashi, dakika tano,
nahesabu kwa sauti.
Kioo kimya.

Haya, Riziki,
mguse mapigo kwa vidole,
kama tulivyofundishwa mwanzo.