Kumbukumbu za Kikao

Miaka kumi na mmoja nimeandika mimi.
Mwenyekiti hukohoa, huzungusha macho mezani,
wanaume tisa na mimi,
kisha husema, "Mwandiko wako mzuri, Mama Salha,"
na kalamu hunijia yenyewe, kama paka
anayejua nani hutupa vichwa vya samaki.

Nimeandika nani alihudhuria, nani aliomba udhuru,
nani alipendekeza, nani akaunga mkono.
Nimeandika hata chai ilipochelewa.
Mwezi wa tatu nilisema neno
kuhusu friji ya maabara, inavuja, inaoza sampuli.
Likapita kama nzi.
Mwezi wa nne Dakta Chengo akalisema lilelile
nami nikaliandika, kwa jina lake,
kwa mwandiko wangu mzuri.

Chengo simchukii. Nilimfundisha mwenyewe
kwenye hori la Tudor, matope yakitumeza magoti:
huu mkandaa, ule muia,
na ukibabaika ramba jani; likiwa na chumvi, mchu.
Leo mlango wake una kibao cha shaba: Profesa.
Wangu una karatasi, na gundi imekimbia joto.

Jana likafika jina langu. Ajenda ya sita.
"Hili pengo," mwenyekiti akauliza, faili mkononi,
"miaka miwili bila makala hata moja. Pengo la nini?"
Nikasema: pengo hilo lina jina. Linaitwa Salha.
Liko darasa la sita, limeshaota meno.
Mmoja akacheka. Mwingine akatazama pangaboi.
Hawakuuliza juu ya miche elfu nne iliyoshika
upande wa Mikindani, ninayoihesabu kila bamvua
buibui nimelifunga kiunoni,
wala juu ya ile makala ambayo jina langu ni la tatu
nyuma ya wawili wasiowahi kulowa viatu.

"Utupishe kidogo, mama. Sheria ni sheria."
Nikasimama. Daftari nikaliacha. Kalamu pia.

Koridoni Bi Kadzo alikuwa akipiga deki.
Hakuuliza kitu. Aliisogeza ndoo nipite.
Mlango ule ni mbao nyepesi, hausitiri:
nikasikia kikohozi, nikasikia kiti.
"Sasa nani ataandika?"
Kimya.
Mmoja amesahau miwani.
Mmoja mkono unamuuma tangu Ijumaa.
Chengo, sauti yake naijua,
akasema mwandiko wake hausomeki.
Nilihesabu vigae vya sakafu. Arobaini na viwili,
kimoja kimepasuka.

Wakaniita. Mwenyekiti alikuwa na huruma usoni,
ile ya muuza duka anayekurudishia chenji pungufu.
"Ajenda ya sita tumeiahirisha. Hapakuwa na mwandishi.
Tafadhali, iandike."

Kalamu ilikuwa palepale, imelala juu ya ukurasa mweupe.
Nikaitia kifuniko. Kikalia, ta.
Nikawaambia saa tano na robo maji yatakuwa yamekupwa,
na matope hayangoji akidi.

Nilipofika horini viatu nilikuwa nimeshavishika mkononi.
Mche wa kwanza, majani sita. Nikaandika.
Wa pili, manane.
Wa tatu umetafunwa na kaa,
lakini nilipoukwaruza kwa ukucha
shina lilikuwa bichi bado.
Nikaandika hilo pia.