Chupa Kumi na Mbili

Bwana Mtipa aliponikabidhi funguo pale Lindi
alipanga mwenyewe kwenye bodi ya kirikuu
chupa kumi na mbili za oili, za lita moja moja,
hazijafunguliwa.
"Zawadi yako, Somoe. Gari ni kama mtoto."
Nikamshukuru. Nikamwombea dua
kutoka Ngongo mpaka Mnazi Mmoja.
Sikujua kuwa mtu anaweza kuungama
bila kusema neno.

Safari ya kwanza, magunia manane ya chumvi.
Tambarare tuliipita kama maji.
Tulipoanza kuukwea mlima wa Newala
nikaona kwenye kioo cha pembeni
barabara yote nyuma yangu imekuwa ya buluu,
na kijana wa bodaboda anatokeza humo
akikohoa, akimtukana mama yangu
kwa Kimakonde sanifu.

Palipo moshi pana moto, husema watu.
Huu wangu ulikuwa moshi wa pesa.

Nikanunua daftari la kurasa arobaini.
Kila alfajiri, kabla ya chai, nainua siti,
nachomoa kijiti, napangusa kwa kipande cha kanga,
nachovya, nachomoa, nasoma:
Jumanne, kilomita mia mbili na kumi, nusu chupa.
Alhamisi, mia na themanini, nusu chupa na kidogo.
Ijumaa haikutoka. Nililaza boksi chini yake usiku kucha,
boksi likaamka kavu.
Basi haimwagi.
Inakunywa.

Zile kumi na mbili zikaisha. Nikaanza kununua.

Shemeji yangu akaja na dawa:
tia nzito, ile kama asali, moshi utapotea,
halafu uza haraka kwa mtu wa mbali.
Nikamtazama sana.
Mtu wa mbali. Lindi hadi Mtama
si mbali kiasi hicho.

Fundi Nambunga hakuwa na dawa. Aliniuliza maswali
kama mkunga:
Inatoa saa ngapi? Ukiwasha asubuhi, pumzi moja, kisha kimya?
Hizo ni sili za vali, gharama yake ndogo.
Au inatoa ukiwa umekanyaga, kwenye mlima, na mzigo?
Hapo ni ringi, mama. Hapo tunafungua kifua.

Nikasema: kwenye mlima.
Nikasema polepole.

Alichomoa plagi tatu akazipanga juu ya gazeti.
Mbili kavu, rangi ya biskuti.
Ya tatu nyeusi, inang'aa, imelowa
kama mbegu ya papai.
Nikaona aibu, sijui kwa nini,
kama nimefunuliwa chungu changu mbele ya wageni.
"Mficha uchi hazai," akasema fundi,
na hakuwa ananisema mimi.

Fedha za korosho zilikuwa hazijaingia.
Tukahesabu, mimi na daftari:
oili ya mwezi mmoja, zidisha kwa sita,
ni ringi, ni gasketi, ni ujira wa fundi,
na chenji ya kununulia doti ya kanga.
Miezi sita hiyo nilikwisha kuichoma,
nikaipeperusha juu ya mihogo ya watu.
Nikauza mbuzi wawili, na cherehani
ambayo tangu hapo sikuwa nashona.

Siku tisa ilikaa bila moyo chini ya bati la Nambunga,
kuku wa jirani akitagia kwenye siti.
Ringi za zamani alinitilia kiganjani:
nyembamba, zimelika, moja imekatika,
nyepesi kuliko bangili ya mtoto.
Hiki ndicho kilichokuwa kikinila.

Chupa tupu za Mtipa ninazo bado, nazitilia maji ya kunawa.
Sijaamua juu yake.
Alijua, akauza.
Alijua, akaniwekea.
Kuna siku la kwanza huwa zito,
kuna siku la pili.

Jana nimepanda Newala, magunia manane.
Nyuma yangu barabara ilikuwa barabara tu,
na bodaboda wawili wanapiga honi niwapishe.

Leo alfajiri nikainua siti, nikachomoa kijiti.
Alama ipo palepale nilipoiacha.
Nikapangusa, nikachovya tena.