Una Mtu?

Dirisha la tatu, saa mbili kasorobo,
Mghoi aliweka kidole kwenye kioo chenye mwanga wa kijani.
Kioo kikakataa.
Akaweka cha pili, cha tatu, akahamia mkono wa kushoto,
akaupangusa kwa leso, akarudia.
Miaka ishirini na miwili kiwandani akibangua korosho;
mafuta ya ganda hayakumwachia hata mstari.
"Mama, mashine haikusomi," karani alisema, bila ubaya,
kisha akainamia tundu la kioo, akanong'ona:
"Una mtu humu ndani?"

Nilikuwa nyuma yake, stakabadhi mkobani,
mweka hazina wa kanisa letu dogo la Mishomoroni,
nimetumwa kuulizia deni la mumewe, Mwakio,
ambaye figo zake ziligoma Kwaresima,
wauguzi wakagoma baada ya Pasaka.

Mtu.
Ndipo nikaliona upya lile birika la matao matano,
vipofu, viwete, kila mmoja na mkeka wake,
na kanuni yake: maji yakitibuka
anayetangulia ndiye anayepona.
Nimelihubiri somo hilo mara nne.
Mara zote nilimsema yule wa miaka thelathini na minane,
kwamba aliulizwa kama anataka uzima
akajibu kwa malalamiko, kwamba hana mtu wa kumshusha majini.
Niliita jibu lile uhaba wa imani.
Kumbe alikuwa anatoa taarifa.
Na kanuni yenyewe, nani aliitunga?
Sikuwahi kuuliza.

Jumapili iliyopita Mheshimiwa alitutembelea.
Tulimtandikia kiti kwa kitambaa cha meza ya Bwana
(ndiyo, kile kile; vingine vilikuwa kambani havijakauka).
Aliahidi afya kwa wote,
akakabidhi kiti cha magurudumu, kimoja,
chenye picha yake mgongoni
ili anayesukuma asimsahau.
Akatia bahasha kapuni. Tukapiga makofi.
Mimi nilipiga makofi.
Mimi ndiye niliyehesabu, elfu hamsini, noti zinazonata kwa upya,
nikaandika kitabuni: Sadaka.
Kalamu haikusita.

Deni la Mwakio ni laki tatu na kumi na saba elfu.

Simchukii. Ila namfikiria yule Msamaria,
aliyemwachia mwenye nyumba dinari mbili na neno moja,
kwamba kitakachozidi atalipa akirudi.
Hatukusimuliwa kama alirudi.
Lakini mwenye nyumba alimpokea majeruhi kwa neno lile,
na siasa ninayoiombea haizidi hapo:
ahadi ambayo mtu anaweza kulazwa juu yake.

"Kanisa halifanyi siasa," alisema Mzee Ezra Farajala
nilipoleta hoja kikaoni.
Nikamwuliza, na kile kitambaa?
Akanyamaza. Nikaongeza, na nilikosa adabu, najua:
"Babu zako walikombolewa, wakatundika kengele pale Kengeleni.
Ilikuwa ya kuita sala tu?"
Alitazama viatu vyake muda mrefu.
Hakunipa ruhusa. Hakuninyima pia.

Magotini bado namsumbua Bwana:
siku ile alimwinua mmoja,
akawapita wangapi chini ya matao?
Hajanijibu.

Nilisahau kusema Mghoi alimjibu nini karani.
Aligeuka, akaitazama foleni mpaka getini,
wenye mafaili, wenye watoto mgongoni, mmoja na chupa ya mkojo mkononi,
akasema, "Ninao hawa."
Karani alicheka, kisha akaacha kucheka.
Dirisha halikufunguka.

Alhamisi ni kikao cha maoni ya wananchi, Tononoka, saa tatu.
Watasoma bajeti ya afya ya kaunti, kurasa mia mbili,
watauliza kama kuna mwenye neno.
Nitakwenda na kitabu cha hazina, ukurasa ule nikiwa nimeukunja.
Mghoi atakwenda na vidole vyake.
Wapo wanaosema watakuja na mikeka.