Butu

Ripoti ya muhula ilinikuta buchani,
nikaipokea kwa mikono ya kazi, damu ya mbuzi ikabaki pembeni.
Hesabu tisini. Sayansi themanini na moja.
Chini kabisa, kwa wino mwekundu,
mwalimu kaandika neno moja la Kiingereza juu ya Onzia wangu.

Nalijua neno hilo. Ni la visu.
Butu. Hakikati. Kinoe au kitupe.

Nikavua aproni.
"Nakwenda shuleni. Butu ni yeye!"

Onzia akanishika mkono.
"Kwa kisu ni hivyo, Baba. Kwa mtu neno limegeuka:
ni yule asiyefunga maneno kwenye jani la mgomba.
Anakupa wazi, liume lisiume."

Ajabu ya Waingereza:
kisu butu hakikati,
mtu butu anakata.

"Ulimwambia nini mwalimu?"
"Kwamba kila Jumatatu anachelewa."

Nilicheka hadi wateja wakageuka.
"Haya, na mimi niambie langu."

Hakutazama pembeni.
"Mizani yako. Ile sumaku chini ya sahani.
Mama Letaru analipa kilo,
anabeba robo tatu."

Soko zima la Arua lilikuwa linapiga kelele,
sikusikia hata sauti moja.
Nikanoa kisu ambacho hakikuhitaji kunolewa.

Jioni, mlango umefungwa,
niliing'oa kwa kucha.
Ikaruka ikanasa kwenye ubapa wa kisu,
na mpaka sasa
sijapata jinsi ya kuibandua.